Rupia Moja kwa Asia ya Kusini?

Mwishoni mwa mwaka 2003 Atal Bihari Vajpayee, aliyekuwa Waziri Mkuu wa India, alitamka hadharani kwamba nchi za Asia ya Kusini zaweza siku moja kutumia sarafu moja. Zaidi ya miaka ishirini imepita na kila nchi ingali na noti zake. Wako wanaodai kuwa kinachokosekana ni utaalamu wa mabenki. Dai hilo si kweli hata kidogo.

Yafaa ikumbukwe kwamba sarafu hiyo imepata kuwapo. Wakati wa ukoloni wa Waingereza rupia moja ilitumika toka Karachi hadi Dhaka, na hata baada ya nchi kugawanywa Agosti 1947, Benki Kuu ya India iliendelea kuihudumia Pakistan hadi Juni 30, 1948. Septemba 1949 Uingereza ilishusha thamani ya paundi. India ikafuata, Pakistan ikakataa. India nayo haikukubali kwamba rupia 100 za jirani zilingane na 144 zake, na biashara ikasimama. Juti ililimwa Bengali ya Mashariki, na viwanda vya kuisokota vilikuwa Calcutta. Wakulima wakatafuta mnunuzi, viwanda vikatafuta malighafi. Wataalamu wa benki walikuwapo pande zote mbili. Ugomvi ulikuwa juu ya nani mwenye kauli kuhusu thamani ya fedha.

Ugomvi huo haujapata suluhisho. Katika nchi nane za SAARC, uchumi wa India peke yake unazidi ule wa nchi nyingine zote zikijumlishwa. Benki Kuu ya pamoja ikiundwa, Maldives itapewa kura gani? Nepal, ambayo tangu 1993 imeifunga rupia yake kwa kiwango cha 1.60 kwa rupia moja ya India, na Bhutan, ambayo ngultrum yake ni sawa kwa sawa na rupia hiyo, hutajwa kuwa ushahidi kwamba jambo lawezekana. Lakini nchi hizo hufuata tu uamuzi unaokatwa Mumbai. Wananchi wa Afrika Mashariki, ambao shilingi yao ya pamoja ilivunjika mwaka 1966, hawahitaji maelezo marefu.

Wakuu wa SAARC walikutana Kathmandu mwaka 2014. Mkutano uliopangwa Islamabad mwaka 2016 haukufanyika. Februari 2019 India ilitoza bidhaa za Pakistan ushuru wa asilimia 200, Agosti Pakistan ikasimamisha biashara, na Mei 2025 India ikapiga marufuku bidhaa zote za jirani yake. Kuondoa amri za namna hiyo hakuhitaji benki mpya wala noti mpya, na ndiko serikali hizo zingepaswa kuanzia.