Kanuni za Tovuti: Je, ni Kuwachosha Vijana Bure?

Ikiwa una kijana anayesomea kompyuta huko Ruiru, Juja au Thika, bila shaka umewahi kumsikia akinung'unika. Mwalimu wake, asema, humsumbua kwa kanuni chungu nzima za kuandika tovuti: kichwa cha habari kiandikwe hivi, kila picha ipewe maelezo yake, kila kisanduku cha fomu kiwe na jina. "Mbona nijichoshe," huuliza, "ilhali ukurasa wangu unaonekana sawasawa kwenye skrini?" Swali lake si la kipuuzi. Leo ningependa tulijadili sote, mzazi na mwanafunzi.

Kwanza tujue kanuni hizo zilitoka wapi. Mnamo 1994, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni mfumo huu wa tovuti, aliunda shirika liitwalo W3C katika chuo cha MIT, Marekani, ili kuweka kanuni za pamoja. Haja ilikuwepo. Katika miaka hiyo vivinjari viwili, Netscape na Internet Explorer, viling'ang'ania wateja na kila kimoja kikajiongezea vikorokoro vyake. Ukurasa uliopendeza katika kimoja ulivurugika katika kingine. Waandishi wengine walibandika tangazo kumwambia mgeni atumie kivinjari fulani, la sivyo ajiendee zake.

Wenyeji wa Ruiru na Thika wataelewa jambo hili upesi kwa kufikiria reli. Reli ya zamani inayopita kwao ina upana wa milimita 1,000. Ile ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, ina milimita 1,435. Behewa la huku haliwezi kupita kule, na mzigo unaotaka kuendelea na safari sharti ushushwe na kupakiwa upya. Kanuni za tovuti zipo ili ukurasa mmoja usafiri popote, katika kompyuta ya ofisini na katika simu ndogo ya mwanafunzi.

Kijana wako atakujibu kwamba hayo ni ya kale. Vivinjari vya leo husamehe makosa. Ukisahau kufunga alama fulani, kivinjari kitakisia ulichokusudia na ukurasa utafunguka. Ni kweli. Lakini hata msamaha huo umo ndani ya kanuni: HTML5, iliyokamilishwa na W3C mwaka wa 2014, inaeleza hatua kwa hatua jinsi kivinjari kinavyopaswa kushughulikia makosa, ili vyote vikisie namna moja. Tena yapo mambo ambayo hakuna kivinjari kinachoweza kuyakisia vyema kila mara. Ili tuyaone, twende Thika.

Mjini humo kuna shule ya msingi ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, na iko pia shule ya upili ya wasioona. Mwaka wa 2009, shirika la inABLE, ambalo mwanzilishi wake ni Irene Mbari-Kirika, lilianza kuwafunza kompyuta watoto wa shule hiyo ya msingi. Huenda ukajiuliza, asiyeona atatumiaje kompyuta? Hutumia programu ya kusoma skrini, ambayo humtamkia maneno masikioni huku yeye akibonyeza kibodi. Mojawapo ni NVDA, iliyoanzishwa mwaka wa 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Hutolewa bila malipo.

Sasa shika jambo hili, kwa maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Programu hiyo haitazami rangi wala urembo wa ukurasa. Husoma maandishi yaliyo nyuma yake, yale yale ambayo kijana wako anadai hakuna anayeyaona. Ikiwa vichwa vimeandikwa kama vichwa, msomaji ataruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyopekua gazeti hili. Ikiwa ni maandishi ya kawaida yaliyonenepeshwa tu, itambidi asikilize ukurasa mzima.

Tuseme msichana asiyeona amemaliza kidato cha nne na anataka kujaza fomu ya chuo kwenye intaneti. Kama mwandishi hakuvipa visanduku majina, huenda msichana akasikia tu: "Andika hapa." Anasonga mbele: "Andika hapa." Tena: "Andika hapa." Ni jina linalotakiwa, nambari ya kitambulisho ama ya simu? Kitufe cha kutuma nacho ni picha isiyo na maelezo, hivyo anasomewa mfululizo wa tarakimu ambao ni jina la faili. Afanye nini basi? Itamlazimu kumtafuta mtu wa kumjazia, ampe nambari yake ya kitambulisho, alama zake za mtihani, na pengine neno lake la siri. Msichana aliyejifunza kompyuta miaka mingi ili ajitegemee amerudishwa kuomba msaada, kwa sababu mtu fulani aliona uvivu kuandika mstari mmoja.

Mjini humo humo kuna shule ya Joytown, vilevile ya Jeshi la Wokovu, inayofunza watoto wenye ulemavu wa viungo. Wako watu ambao mikono yao haiwezi kuongoza kipanya, hivyo hutegemea kibodi. Kitufe kilichoandikwa kwa kanuni hubonyezeka kwa kibodi. Kilichobuniwa ovyo hukubali kipanya peke yake.

Wala faida si ya wenye ulemavu pekee. Mwongozo wa W3C, ambao toleo lake la kwanza lilitoka 1999, sasa unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa kiwango cha angalau 4.5 kwa 1. Nyanya yako mwenye mtoto wa jicho atashukuru. Hata wewe utashukuru, ukisoma simu yako saa saba za mchana juani kwenye steji ya Ruiru. Na ukurasa wa Kiswahili ukiwekewa alama ya lugha, yaani herufi "sw", programu yenye sauti ya Kiswahili itajua kuutamka hivyo, badala ya kuusoma kwa matamshi ya Kiingereza.

Najua kijana ana hoja nyingine. Mteja mwenye duka anataka tovuti kwa wiki moja, malipo ni kidogo, na anachokagua ni rangi na picha tu. Hapa nakubali kwamba kanuni zote hazina uzito sawa. Kuhangaika siku mbili ili mashine ya kukagua isitoe hata onyo moja, huo waweza kuwa usumbufu. Isitoshe, mashine inaweza kuridhika na picha iliyoandikiwa maelezo "picha", ambayo hayamsaidii mtu yeyote. Lakini jina la kisanduku, kichwa cha kweli na kitufe cha kweli ni kazi ya dakika chache zikifanywa mwanzoni. Kinachogharimu ni kurudia. Muulize mwashi yeyote: kujenga njia ya kiti cha magurudumu pamoja na msingi ni kazi ndogo, kuibomolea ukuta baadaye ni balaa.

Sheria nayo haijalala. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Mwaka wa 2022 Kenya ilipata kiwango chake, KS 2952, kuhusu huduma na vifaa vya teknolojia vinavyoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Kijana anayejifunza kanuni leo anajitayarishia kazi ya kesho.

Basi, mwanafunzi, fanya jaribio hili wiki hii. Weka NVDA katika kompyuta yako, zima skrini, chomoa kipanya, kisha ujaze fomu uliyoiandika mwenyewe. Ukishindwa, umejua pa kuanzia. Nawe mzazi mwenye biashara, kabla hujamlipa fundi wa tovuti muulize: je, yaweza kutumiwa kwa kibodi pekee? Picha zina maelezo? Visanduku vina majina? Akibabaika, asubiri malipo mpaka arekebishe.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tukutane Jumapili ijayo.