Uchambuzi: Mwajiri ni nani? Funzo la kesi ya Nairobi

Tarehe 20 Septemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba kampuni ya Meta ya Marekani, mmiliki wa Facebook, inaweza kushtakiwa nchini humo na watu walioachishwa kazi mjini Nairobi. Meta ilikuwa imeshikilia kwamba haina makao wala haifanyi biashara Kenya, na kwamba watu hao hawakuwa waajiriwa wake.

Kwa juu juu, hilo ni suala la mamlaka ya mahakama tu. Lakini ndani yake mna swali ambalo kila mfanyakazi, awe Nairobi, Muscat au London, hana budi kujiuliza kabla hajadai haki yake: mwajiri wangu hasa ni nani?

Chanzo cha mzozo

Kazi ya watu hao ilikuwa kutazama picha na maandishi yaliyowekwa kwenye Facebook na kuondoa yasiyofaa, yakiwemo ya mauaji na ubakaji. Walitoka Kenya na nchi nyingine za Afrika zikiwemo Ethiopia, Uganda na Afrika Kusini, kwa sababu walihitajika watu wa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo. Mikataba yao ilitiwa saini na kampuni ya Sama, ambayo ilipewa kazi hiyo na Meta.

Januari 2023 Sama ilitangaza kwamba inaachana na shughuli hiyo, na watu wapatao 260 wakaambiwa kwamba ajira zao zinakoma. Mwaka huo, 184 kati yao walikwenda mahakamani. Walidai kwamba utaratibu wa kupunguza wafanyakazi haukufuatwa, na kwamba walizuiwa kuajiriwa na kampuni ya Majorel iliyochukua nafasi ya Sama. Kampuni zilizoshtakiwa zilikana madai hayo.

Sheria inasemaje

Zamani mwajiri wa Kenya aliweza kumwondoa mtu kazini bila kutoa sababu, mradi amempa notisi au mshahara wa muda wa notisi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iliugeuza mwenendo huo. Mwajiri sasa anapaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki. Mfanyakazi anayetuhumiwa kwa utovu wa nidhamu au uzembe lazima aelezwe tuhuma hizo kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, naye asikilizwe.

Anapopunguza wafanyakazi, mwajiri hutakiwa kutoa taarifa ya mwezi mmoja, kuwachagua wanaoondoka kwa vigezo vya haki, na kulipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Akikiuka, mahakama yaweza kuamuru mfanyakazi arudishwe kazini, au alipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12.

Sheria hiyo ni njema, lakini iliandikwa kwa kumfikiria mwajiri mmoja, anayejulikana jina na mlango wake. Katika kesi hii mwajiri amegawanyika: mmoja ndiye aliyetia saini mkataba, mwingine ndiye aliyeweka kanuni za kazi na kunufaika na matunda yake. Juni 2023, katika hatua ya awali, Jaji Byram Ongaya aliona kwamba Meta ndiyo mwajiri mkuu, na Sama ni wakala wake tu. Kama mwono huo utathibitika hadi mwisho, mgawanyo huo hautakuwa tena ngao ya kukwepa fidia.

Hali ya mgeni

Kwa Mkenya, kuachishwa kazi ni kupoteza mshahara. Kwa mgeni ni zaidi ya hapo, maana kibali cha kufanya kazi Kenya hufungamana na mwajiri. Kazi ikikoma, uhalali wa kuishi nchini nao hutetereka, na mtu hulazimika kuchagua kati ya kuifuatilia kesi na kurudi alikotoka, pengine kulikomfukuza.

Wasomaji wetu walioko Ghuba wanalielewa hilo bila kufafanuliwa. Chini ya utaratibu wa kafala, kugombana na mwajiri ni kugombana na mwenye kibali chako. Qatar iliondoa mwaka 2020 sharti la kupata ridhaa ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine. Kwa mgeni, haki ya kudai fidia ina maana pale tu anaporuhusiwa kubakia aidai.

Fidia ya kitu gani?

Desemba 2024 ilifahamika kwamba daktari aliyewapima 144 miongoni mwa wadai aligundua kuwa zaidi ya 140 walikuwa na maradhi makali ya akili yatokanayo na mshtuko. Madhara ya afya na uvunjaji wa haki za kikatiba vyaweza kudaiwa kando. Lakini ikiwa hesabu itaishia kwenye kuachishwa kazi peke yake, kikomo ni mishahara ya miezi 12, na mishahara yenyewe ilikuwa midogo. Kwa kampuni kubwa kiasi hicho, hiyo si adhabu ya kuogopesha.

Aidha, ushindi wa mwanzo si malipo. Mwaka 2012 mahakama iliamuru wafanyakazi 447 wa Kenya Airways warudishwe kazini baada ya kupunguzwa. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba utaratibu ulikiukwa, lakini ikaifuta amri hiyo na badala yake ikawapa fidia ya mshahara wa miezi sita.

Uamuzi wa Septemba 2024 nao haukugusa kiini cha madai. Uliwafungulia wadai mlango tu. Hata hivyo, serikali za Afrika Mashariki zinazoshindana kuzivutia kampuni za kigeni kwa kuzipatia vijana wasomi wa ujira nafuu zimepata onyo: kazi inapofanyika Nairobi, aliyeituma hawezi tena kutegemea umbali wake peke yake. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Majaji wa Nairobi wamemkubalia mnyonge, angalau, kumtaja mahakamani yule anayemdai.