Vumbi la breki lisiingie ndani na ovaroli

Jumapili mchana, ibada ikishakwisha, nyua nyingi za Katesh, Dongobesh na Haydom hugeuka gereji ndogo. Canter au Fuso iliyobeba mahindi, vitunguu swaumu au ngano ya Basotu wiki nzima husogezwa kivulini, magurudumu ya nyuma hufunguliwa, na mtoto hutumwa kuleta ndoo ya kukalia. Mwenye lori hufanya kazi mwenyewe au na shemeji yake anayejua kushika spana, kwa sababu inayoeleweka: Jumatatu mzigo unasubiri, na gari likilala gereji siku mbili, ada ya shule inalala nalo.

Mikono hiyo mara nyingi ina ujuzi wa kweli. Dereva aliyeshuka Mlima Magara na mzigo mara mia anajua breki zake zinavyoongea kuliko fundi anayeliona gari leo. Kwa hiyo kumwambia mtu wa namna hiyo aache kutengeneza gari lake nyumbani ni kupoteza muda. Jambo ambalo halizungumzwi ni kwamba gereji hii haina mlango. Kamba ya nguo iko hatua tano kutoka kwenye tairi, jiko liko nyuma yake, na watoto wamesimama wakitazama.

Dramu la breki likivuliwa, ndani hukutwa unga wa kijivu uliochanganyika na weusi, laini kama sembe. Kwa kawaida hutolewa kwa njia tatu: kuligonga dramu chini, kulipuliza kwa upepo wa kompresa, au kulipuliza kwa mdomo. Zote tatu hufanya kitu kilekile, yaani kuutoa unga kwenye chuma na kuupeleka hewani. Chembe kubwa huanguka karibu. Zile ndogo zisizoonekana hubaki zikielea, na ndizo zinazofika ndani kabisa ya mapafu.

Unga huo ni mabaki ya lainingi, na kwa miaka mingi lainingi zilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi yanayostahimili joto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu na ile ya utando unaoyafunika mapafu, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ubaya wake mwingine ni subira. Ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20, 30 au 40 baada ya mtu kuvuta nyuzi hizo. Kijana wa miaka 25 anayepuliza dramu leo hatakohoa kesho, na ndiyo maana ni vigumu kumshawishi.

Wakazi wa Manyara hawahitaji kufundishwa upya kwamba vumbi linaua polepole. Wengi wana ndugu au jirani aliyerudi kutoka migodi ya Mirerani na kifua kibovu. Vumbi la mwamba na la breki si kitu kimoja, lakini mlango wanaoingilia ni mmoja.

Japani, yanakotoka malori mengi yaliyotumika yanayonunuliwa hapa, ilipiga marufuku asbesto kwenye lainingi za breki mwaka 2004. Uingereza ilikuwa imeshaipiga marufuku mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha mwaka 2005. Marekani ilichelewa mno: kanuni ya kuzuia asbesto nyeupe, zikiwemo breki za magari zinazouzwa kama vipuri, ilitangazwa Machi 2024. Maana yake kwa mwenye Canter ya miaka ya 1990 ni rahisi. Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na lainingi mpya za bei ya chini kutoka nchi isiyokuwa na marufuku zinaweza kuwa nayo pia. Macho hayawezi kutofautisha. Boksi lililoandikwa kwamba halina asbesto ni afadhali kuliko lisiloandikwa kitu, ingawa maandishi nayo huchapishwa na yeyote mwenye mashine.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Watafiti wamebishana kwa miaka mingi kuhusu ukubwa wa hatari kwa mafundi breki, kwa sababu joto la msuguano hugeuza sehemu kubwa ya nyuzi za asbesto kuwa madini mengine yasiyo na ukali ule. Lakini joto hilo halijaigusa lainingi mpya. Anayeikwangua kwa tupa ili ikae vizuri, anayeisugua kwa msasa au anayetoboa matundu ya ribiti anazitoa nyuzi zikiwa bado nzima. Kazi hiyo ndiyo hasa hufanywa kwenye nyua, tena kwa saa nyingi.

Na anayevuta vumbi si fundi peke yake. Mwaka 1960 Daktari Wagner na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando wa mapafu, wengi wao kutoka eneo la migodi ya asbesto la Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini: walikuwamo mama wa nyumbani, watumishi wa ndani na wachungaji wa ng'ombe. Miaka mitano baadaye, watafiti wawili wa London, Newhouse na Thompson, waliwakuta wagonjwa ambao kisa chao pekee kilikuwa kuishi na mfanyakazi wa asbesto. Wanawake waliokung'uta na kufua nguo za waume zao walikuwa miongoni mwao. Kipimo cha vumbi la kiwandani na cha Jumapili moja uani havilingani, na mama aliyefua ovaroli mwaka huu hana sababu ya kukosa usingizi. Ana sababu ya kubadili namna ya kuifua.

Dawa ya vumbi ni maji. Dramu liachwe lipoe kwanza, maana maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kulipasua. Kisha maji yenye sabuni kidogo yanyunyizwe taratibu mpaka unga ulowe, kwa bomba la mkono ambalo halijawahi kutiwa dawa ya shamba. Ufutwe kwa kitambaa kibichi, nacho kifungwe kwenye mfuko wa plastiki kabla hakijakauka na kufukiwa mbali na bustani. Kisichomwe. Kompresa ikae mbali, kazi yake ni matairi. Lainingi ikilazimu kukwanguliwa, ilowe pia. Kitenge au barakoa ya kitambaa puani haizuii nyuzi hizi. Barakoa inayofaa ni yenye kichujio cha daraja la P100 au FFP3, na hiyo si rahisi kuipata Katesh siku ya Jumapili. Ndiyo maana maji yanatangulia.

Ovaroli ivuliwe nje, isikung'utwe, na aliyeivaa ailoweke yeye mwenyewe kwenye beseni lake, peke yake, bila nepi wala sare za shule. Aoge ndipo ambebe mtoto. Inasemwa "aliyeivaa" kwa makusudi. Kwenye nyumba nyingi kazi hiyo huachiwa mke au binti, hata akiwa mjamzito, na hakuna sababu ya kiafya ya kuwa hivyo.

Baada ya kusafisha huja maongezi ya kuboresha. Barabara inayotoka Mbuyu wa Mjerumani kwenda Mbulu hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na kinachopanda lazima kishuke na vitunguu juu. Wapo wanaofunga lainingi nene au ngumu zaidi, wengine huhamisha silinda za lori kubwa kuliko lao. Hesabu ndogo husaidia hapa. Lori lenye uzito wa tani 10, likishuka kimo cha mita 500 kwa kutegemea breki tu, huzalisha joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji. Joto hilo lote huingia kwenye madramu. Dramu hutanuka na kuikimbia lainingi, lainingi yenyewe huanza kuteleza, na mafuta ya breki yaliyozeeka huchemka. Mvuke hubanika, mafuta hayabaniki. Pedeli inazama na gari haliitikii.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huanza kuchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango cha chini kinachokubalika ni 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Kwa mwenye lori wa kawaida, basi, uboreshaji unaolipa ni kubadili mafuta yote badala ya kuongeza juu, kuweka raba mpya za silinda, kurekebisha magurudumu yote yashike sawasawa, na kuhakikisha breki ya ekzosi inabana. Halafu gia ndogo tangu juu ya mlima. Kubadili ukubwa wa silinda ni kazi ya aliyesomea, na kufunga lainingi ngumu upande mmoja ni kulifundisha gari kuvuta kando. Oili ya haidroliki au ya injini isitiwe humo hata kidogo, kwa kuwa huvimbisha raba na kuziharibu zote.

Mafuta hayohayo ni sumu yakinywewa, na kwa rangi yake hufanana na juisi. Chupa ya soda iliyojazwa mafuta ya breki au petroli ya kuoshea vyuma ni mtego kwa mtoto mwenye kiu. Akinywa, asilazimishwe kutapika, maana petroli ikipanda huingia mapafuni. Akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Petroli haifai hata kwa kunawia mikono, achilia mbali jiko lililo pale nyuma.

Kuhusu jeki, kwa ufupi: jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulala chini yake. Gari likae juu ya stendi za chuma au magogo mapana kwenye ardhi ngumu, kamwe si juu ya tofali, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe vizuizi pande zote mbili. Kwenye malori makubwa ya breki za upepo, chemba ya breki ya kuegesha ina springi iliyobanwa kwa nguvu ya kumuua mtu. Isifunguliwe nyumbani.

Fundi wa uani mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi aende kupimwa kifua kikuu, na akifika kwa daktari ataje kazi anayoifanya kila Jumapili hata kama kwenye fomu ameandika mkulima. Picha ya kifua husomwa tofauti pale daktari anapojua kuna vumbi.

Magurudumu yakisharudi na nati kukazwa, kwa breki za mafuta kuna kipimo kimoja kisichohitaji chombo. Gari likiwa tambarare na injini inawaka, pedeli ikanyagwe kwa nguvu na kushikiliwa dakika nzima, huku mtu mwingine akiangalia kila gurudumu kama kuna unyevu. Ikisimama ngumu, gari lijaribiwe taratibu bila mzigo. Ikizama polepole kuelekea sakafuni, mafuta yanavuja mahali, hata kama hayaonekani, na vitunguu vitalala Mbulu mpaka patakapopatikana.