Mbolea ya kikombe: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Ugani, Wizara ya Kilimo, Lilongwe

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hadi ofisi za serikali za Capital Hill ni kama kilomita 45, lakini ushauri wa kilimo hutufikia umechoka njiani. Naandika kwa jambo moja tu: kiasi cha mbegu na mbolea kinachomfaa mkimbizi anayelima robo ekari ya kukodi hapa Dowa.

Ushauri rasmi wa mahindi tumeusikia. Kwa hekta moja, kilo 100 za NPK ya 23:21:0+4S za kupandia, kisha kilo 150 za urea za kukuzia; jumla kilo 92 za naitrojeni. Unamfaa mwenye hekta na pesa za mifuko mitano. Ruzuku ya pembejeo ya serikali ni ya raia wenye kitambulisho cha taifa, na siandiki kudai tuingizwe. Sisi hununua sokoni kwa kikombe. Muuzaji hufungua mfuko wa kilo 50, huchota, hupokea kwacha zake. Maelezo yote yamebaki kwenye mfuko, na mfuko umebaki kwake.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye mashimo. Anayepanda kwa mtindo wa Sasakawa, sentimita 75 kati ya matuta na 25 kati ya mashimo, mbegu moja moja, anapata miche kama 53,000 kwa hekta. Anayefuata mtindo wa zamani, 90 kwa 90, mbegu tatu kwa shimo, anapata kama 37,000 katika mashimo 12,000 na ushei. Zigawe zile kilo 100 za NPK: wa kwanza anastahili kuweka chini kidogo ya gramu 2 kwa kila mche, wa pili kama gramu 8 kwa kila shimo. Sasa jirani anayeambiwa “weka kifuniko cha soda”, bila kuulizwa amepandaje, afanye nini? Ama mbolea imwishie katikati ya shamba, ama mahindi yake yashinde njaa mbele ya macho yake.

Tena wengine wetu mkono umezoea ngano. Wako waliotoka milima ya Lubero, Kongo, wako wa nyanda za juu za Burundi. Ngano ina huruma: ukipunguza mbegu, kila mche huongeza machipukizi na kuziba pengo. Ukizidisha mbegu na naitrojeni pamoja, ndipo inapokuadhibu. Mabua hurefuka, hulegea, na mvua kubwa huyalaza. Hindi halikusamehe hata hapo mwanzo. Pengo hubaki pengo, na mahindi yaliyobanana bila chakula cha kutosha hukupa mabua matupu.

Mbolea ya Mbeya, ile ya pumba, samadi, majivu na NPK kidogo, iliyofungwa kwenye mfuko wiki tatu, inatusaidia kuivuta mbolea ya dukani iende mbali. Lakini nayo mtu huiweka kwa kukisia.

Basi tunaomba vitu ambavyo havihitaji bajeti kubwa. Bwana shamba wa eneo hili apewe kipimo cha kila shimo, kwa mitindo yote miwili ya kupanda, na akifafanue kwa kifaa ambacho kila nyumba inacho. Maelezo hayo yasomwe kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda katika Redio Yetu, hapa hapa kambini. Wauzaji waruhusiwe na kuhimizwa kuuza mifuko midogo iliyofungwa kiwandani, ya kilo 5 au 10, yenye jina la mbolea na uzito wake. Na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Chitedze wakipata nafasi, watulimie kipande kimoja cha mfano kando ya kambi, mstari mmoja Sasakawa, mwingine wa zamani, mbolea ile ile. Wenyeji wa vijiji jirani, ambao ndio wanaotukodisha ardhi, watakuja kukitazama kabla yetu.

Mvua za kupandia huanza Novemba. Vipindi vya redio vikirushwa Oktoba, vitatukuta hatujanunua bado.

Wako,
Mkulima wa Dzaleka, Dowa