Rezista Nazo ni Kazi ya Mwandishi wa Programu

Nimekuwa kimya kwa muda, na si kwa uvivu. Kila wiki nilikuwa barabarani kati ya Migori na Homa Bay, mkoba mgongoni, nikibadilisha matatu pale Rongo, nikisaka kosa ambalo nilikuwa na hakika liko ndani ya programu niliyoiandika mwenyewe. Halikuwa humo. Leo nataka kutoa maoni yangu kuhusu kitu kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho sisi waandishi wa programu tumezoea kusema ni shauri ya fundi: rezista inayowekwa mwisho wa waya za memori.

Kwanza kisa chenyewe. Tulitengeneza sanduku la kuchunga friza za samaki kwenye ufuo mmoja wa Homa Bay. Linasoma joto la kila friza, linaweka hesabu ya kilo za kila mchuuzi, na umeme ukipotea linatuma SMS. Ndani kuna bodi tuliyoichora wenyewe kwa kufuata michoro ya BeagleBone Black, ambayo tangu 2013 iko wazi kwa yeyote kuichukua. Bodi hiyo ya asili ina chipu moja tu ya memori ya DDR3, megabaiti 512. Mimi ndiye niliyesisitiza tupate gigabaiti 1, kwa sababu hifadhidata yangu ilikuwa na ulafi. Basi tukaweka chipu mbili, na mengine yote tukayaacha kama yalivyokuwa.

Mezani kwangu Migori bodi ilikesha siku tatu bila kukohoa. Kule ufuoni, ikifika saa nane mchana jua likiwa limechoma lile sanduku la bati, inaganda. "Mwanangu, sanduku lako limelala tena," mama mmoja mchuuzi alikuwa akinipigia simu. Jumamosi moja umeme ulipotea, sanduku likiwa limeganda, SMS haikwenda. Alipofungua friza jioni, mbuta wake walikuwa wameanza kulegea. Akawauza kwa hasara kwa watu wa kukausha. Nilimlipa sehemu ya hasara hiyo kutoka mfukoni mwangu, na hakunilaumu kwa maneno makali. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nilifanya nini? Nilifanya kile ambacho kila mwandishi wa programu hufanya. Nilibadilisha toleo la Linux mara tatu. Niliandika upya sehemu ya hifadhidata. Niliongeza kijiprogramu cha kuiwasha mashine upya ikiganda. Hatimaye rafiki yangu mmoja anayetengeneza simu mjini Migori akaniambia, "Omera, hebu pima memori yenyewe kwanza." Tukaazima mashine ya kukaushia nywele kutoka saluni ya jirani, tukaipasha bodi joto huku programu ya kupima memori ikikimbia. Haikumaliza dakika kumi. Na makosa yenyewe yalikuwa na tabia ya ajabu: data ilisomeka safi, ila ilitoka kwenye anwani isiyo yake. Ni kama barua nzima isiyo na doa, imetiwa kwenye sanduku la posta la jirani. Hapo ndipo nilipoacha kuangalia data na kuanza kuangalia waya za anwani.

Sasa, kwa nini waya wa sentimita chache ulete taabu? Simama kwenye gati la Homa Bay siku yenye upepo. Wimbi likigonga ukuta wa saruji linarudi ziwani, linakutana na wimbi linalokuja, na maji yanavurugika. Nenda kidogo pembeni penye mchanga ulioinama taratibu: wimbi linapanda, linachoka, linaisha. Halirudi. Ishara ya umeme kwenye bodi ni vivyo hivyo. Waya ukiisha ghafla, ishara inagonga ukuta na kurudi. Rezista ya mwisho ni ule mchanga.

Mtu atasema umeme una kasi sana kiasi kwamba haya hayaonekani. La. Kwenye bodi ya kawaida ishara husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde 1. Waya wa sentimita 6 ni nanosekunde 0.4 kwenda na 0.4 kurudi. Memori ya DDR3 ikienda kwa megahezi 400, mpigo mzima wa saa ni nanosekunde 2.5 tu. Mwangwi unarudi katikati ya neno.

Ukubwa wa mwangwi unaupata kwa hesabu ya shule. Chukua ukinzani wa rezista, toa ukinzani wa waya, kisha gawanya kwa jumla ya hizo mbili. Waya wa ohmu 50 ukiufunga kwa rezista ya ohmu 50, unapata sifuri: hakuna kinachorudi. Ukiweka ohmu 100, theluthi nzima inarudi. Usipoweka kitu, inarudi yote. Ndiyo sababu bodi nyingi za DDR3 huweka kama ohmu 39 au 40 kwenye waya za anwani. Chipu zilizoning'inia njiani hupunguza ukinzani wa waya, kwa hiyo rezista nayo inashuka kuufuata.

Na rezista hizo hazifungwi kwenye ardhi. Zinafungwa kwenye nusu ya volti ya memori, yaani 0.75 kwa DDR3 ya volti 1.5, na kifaa cha kutoa volti hiyo lazima kiweze kusukuma mkondo na pia kuuvuta. Rezista mbili za kugawanya volti hazitoshi. Dereva wa ohmu 40 akisukuma rezista ya ohmu 40 anatumia karibu miliampea 9. Zidisha kwa waya zaidi ya 20. Kwa sanduku linaloishi kwa betri umeme ukipotea, hiyo si bure.

Hapa ndipo siri ya kosa letu ilipo. Bodi tuliyoifuata haina rezista hizo kwenye waya za anwani, na inafanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu ina chipu moja iliyo karibu sana na prosesa. Sisi tulirefusha waya, tukaongeza chipu ya pili, tukanakili na ule ukosefu wa rezista. Ukinakili kazi ya mtu, unanakili pia vile alivyoviacha kwa sababu zake, na sababu hizo hazichorwi.

Lakini leo sikuja kuwahubiria mafundi. Nimekuja kusema na wenzangu wa programu. DDR ya kwanza, ya mwaka 2000, ilitegemea rezista za kwenye bodi. Kuanzia DDR2, mwaka 2003, rezista za waya za data ziliingizwa ndani ya chipu. DDR3 ya 2007 ikaendelea hivyo: kila chipu inapimia thamani zake kwa rezista moja ya nje ya ohmu 240, yenye makosa yasiyozidi asilimia 1, kisha inakupa uchague 120, 60, 40, 30 au 20. Nani anachagua? Fundi mwenye chuma cha solda? Hapana. Ni ile programu ya kuwashia mashine, inapoandika namba kwenye rejista za memori. Ni sisi! Hata kule kujipima upya joto linapobadilika, ni programu inayoamuru kufanyike mara kwa mara.

Nilipofungua faili letu la kuwashia nilikuta namba za bodi ya chipu moja, nilizozinakili mwenyewe bila kusoma hata moja. Kwa hiyo yule anayesema "rezista si kazi yangu" tayari anazichagua kila siku, ila anazichagua akiwa amefumba macho.

Maoni yangu basi ni haya. Moja, ukiweza kutumia chipu moja iliyo karibu na prosesa, tumia hiyo na ujiepushie kesi. Mbili, ukilazimika kuweka mbili au zaidi, weka rezista za anwani baada ya chipu ya mwisho, si kabla yake, na usizifute kwa ajili ya kuokoa shilingi. Tatu, soma karatasi ya maelezo ya chipu kabla ya kunakili namba za rejista. Nne, pima memori ikiwa na joto la mahali itakapoishi, si la meza yako.

Masanduku yaliyokwisha tengenezwa hatukuweza kuyaongezea rezista. Niliishusha memori kutoka megahezi 400 hadi 303, karibu na chini kabisa ya kasi ya kawaida ya DDR3, na nikapunguza nguvu ya dereva kutoka ohmu 34 hadi 40. Yanakwenda polepole, lakini tangu hapo hayajalala mchana. Toleo jipya lina chipu moja. Megabaiti 512 zikatosha, kwa sababu nilikaa wiki mbili nikiifunza hifadhidata yangu adabu ya kula.

Kwa hiyo nilipokuwa nikiapa kwamba kosa liko kwenye programu sikuwa nimekosea sana. Lilianzia kwa ulafi wangu, likapitia kwenye shaba, likaishia kwenye friza ya mama wa watu.

Na wewe, namba zilizo kwenye faili lako la kuwashia ulizisoma, au ulizinakili kama mimi?