Saa za Safari ya Mgonjwa Zihesabiwe Kuanzia Nyumbani

Kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai ni takriban kilomita 4,700 kwa njia ya anga, na ndege isiyotua njiani huzimaliza kwa saa zipatazo 6. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya kutibiwa India akiuliza urefu wa safari, hilo ndilo jibu analopewa. Linamtosha rubani; mgonjwa halimtoshi.

Tumchukue mgonjwa anayeishi Mwanza. Kabla hajaiona bahari, anazo zaidi ya kilomita 1,100 za barabara kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma, ambazo kwa basi humchukua mchana kutwa na pengine sehemu ya usiku. Kisha kuna kungoja uwanjani. Ikiwa tiketi ya bei nafuu inampitisha Addis Ababa au Dubai, ataketi tena huko. Huenda kuvuka Bahari ya Hindi kukawa ndiyo sehemu fupi ya safari yake.

Kuketi huko kuna athari. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba safari ya saa 4 au zaidi, iwe ya ndege, treni, basi au gari dogo, huongeza takriban maradufu uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya vena. Kwa mwenye afya njema hatari hubaki ndogo, karibu mtu 1 kati ya 6,000, wala hapana haja ya kumtisha msafiri wa kawaida. Lakini mgonjwa wa saratani, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, hayumo katika hesabu hiyo. Donge la damu likisafiri hadi mapafuni laweza kuua. Tena dalili zaweza kuchelewa kwa siku au wiki: mguu umevimba Mwanza, na hakuna anayekumbuka kuuliza habari za safari.

Hewa nayo ina lake. Shinikizo la hewa ndani ya ndege laweza kushuka hadi kulingana na la mlimani, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachoupita mji wa Mbeya kwa mamia ya mita. Mwenye mapafu dhaifu huenda akahitaji oksijeni, na oksijeni hupangwa na shirika la ndege mapema, haiombwi mlangoni. (Saa zilizoandikwa kwenye tiketi hazisaidii sana: kwa kuwa India imetutangulia kwa saa 2 na dakika 30, kwenda huonekana kirefu na kurudi kufupi.)

Kwa maoni yangu, barua ya rufaa iitaje safari yote, kituo kwa kituo, pamoja na saa zake. Najua foleni za kliniki zetu, ila swali la mgonjwa atapitia wapi halichukui muda kuliko kumpima shinikizo la damu. Anayelihitaji zaidi jibu hilo ni daktari wa Mumbai, atakayemruhusu kurudi akifikiria saa 6 za ndege. Akijua kwamba mbele yake kuna basi la kutwa nzima, atapanga upya dawa, tarehe ya kuondoka, na labda siku chache za kupumzika Dar es Salaam, ambazo familia itapaswa kuzitafutia fedha tangu mwanzo.