Kasia moja halisogezi mashua

Sisi waandishi wa programu tunapenda kuwacheka pacha Cameron na Tyler Winklevoss. Wana wa tajiri, wanafunzi wa Harvard, wapiga makasia, watu wa kujuana na wakubwa! Mwaka wa 2003, pamoja na mwenzao Divya Narendra, walikuwa na wazo la tovuti ya kuwakutanisha wanafunzi. Wakamwendea Mark Zuckerberg awaandikie programu. Februari 2004 Zuckerberg akafungua tovuti yake mwenyewe, ndiyo Facebook.

Pacha wakashtaki, wakidai kulikuwa na makubaliano ya mdomo. Mwaka wa 2008 wakakubali dola milioni 65, pesa taslimu na hisa. Mwaka uo huo wakamaliza wa sita katika Olimpiki ya Beijing, kwenye mashua ya watu wawili.

Katika mashua hiyo kila mtu ana kasia moja tu. Mmoja akiacha, mnazunguka palepale. Wazo na programu ni hivyo hivyo.

Kwa hivyo mimi siwacheki tena. Hapa Kenya pia husikika: "Nina wazo na ninajuana na watu, wewe nijengee tu, tutagawana." Tunaitikia, tunakesha, hatuandikiani chochote. Pacha wale walikuwa na uwezo wa kulipa mawakili miaka minne, na mwaka wa 2014 wakaanzisha Gemini, soko la sarafu za kidijitali. Je, wewe utamlipa wakili na nini?

Andikianeni mkataba kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu, hata kama ni ukurasa mmoja.